Barafu ya Alfajiri Kwenye Njia ya Lenana

Mkazi wa Munyaka, Eldoret, anaijua baridi. Mji wake uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai watoto huenda shule na sweta nzito. Hata hivyo, akisafiri kupitia Nakuru na Nyahururu hadi Nanyuki ili apande Lenana, kimoja cha vilele vya Mlima Kenya, chenye mita 4,985, atakutana na baridi ya aina nyingine. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa takriban nyuzi 6. Usiku wa nyuzi 10 Munyaka, kileleni huweza kufika nyuzi 7 chini ya sifuri.

Mlima huu hausubiri msimu ndipo ugande. Mchana jua huyeyusha theluji, na mawingu ya alasiri huleta manyunyu au mvua ya mawe. Maji hutiririka juu ya miamba. Usiku ukiingia, yote huganda. Wapandaji wengi nao huondoka kambi ya Shipton, mita 4,200, saa nane au tisa usiku ili jua liwakute kileleni. Hivyo hupita penye mwinuko mkali wakati barafu ni ngumu kuliko saa nyingine yoyote.

Barafu hiyo ina faida yake: kokoto legevu zikiganda hutulia, na mguu hautelezi nyuma kila hatua. Balaa ni utando mwembamba unaofunika mwamba, ambao kwenye mwanga wa kurunzi hudhaniwa ni maji. Theluji iliyokanyagwa na wengi nayo huteleza kama kigae kilicholowa. Karibu na kilele kuna vidato vya chuma na nyaya za kushikilia, na glavu nyembamba hazifai hapo.

Raba za kukimbilia, fahari ya Eldoret, hazishiki barafu. Panahitajika buti la soli ngumu, fimbo yenye ncha ya chuma na, theluji ikizidi, vyuma vya meno vya kufunga chini ya viatu. Mwaka 1943 Felice Benuzzi na wenzake wawili, wafungwa wa vita wa Kiitaliano, walitoroka kambi yao Nanyuki wakiwa na vyuma vya aina hiyo vilivyoundwa kwa siri kutokana na takataka za chuma. Batian, kilele kirefu zaidi cha mlima huo, kiliwashinda, lakini Benuzzi na Giovanni Balletto wakafika Lenana, kisha wote wakarudi kambini kwa hiari yao.

Kuwa mkimbiaji hodari nako si kinga ya ugonjwa wa mwinuko. Kichwa kikiuma sana, mtu akitapika au akiyumba, ashushwe mara moja, hata kama ni bingwa.

Kuteremka kunataka subira zaidi: magoti yakunjwe kidogo, hatua ziwe fupi, soli nzima ikanyage. Njia ikiwa imeganda mno na kundi halina vyuma, ni heri lirudi Shipton na kusubiri jua lilegeze barafu.