Kwenda Malindi bila Haraka

Makanga akigonga bodi mara mbili, dereva anajua kuna wa kushuka Gede. Mlango wa matatu unavutwa, joto linaingia, na kabla abiria hajautua mkoba wake, mwenye tuktuk ameshamfikia: "Watamu, dada? Twende." Kando ya barabara mama aliyejitanda leso anageuza viazi karai kwenye mafuta, na bakuli la ukwaju liko tayari. Njia panda hii ndiyo mlango wa fungu zuri kabisa la pwani ya Kenya. Wasafiri wengi huipita bila hata kugeuza shingo, macho yao yakiwa Malindi.

Malindi yenyewe imezoea kuitwa Italia Ndogo, na jina hilo halikuzuka hivi hivi. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Italia wakiongozwa na mhandisi Luigi Broglio walisimika majukwaa ya kurushia setilaiti baharini Ngomeni, kaskazini mwa mji. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei angani ilirushwa kutoka hapo, nayo ikaitwa Uhuru. Baada ya wahandisi wakaja watalii, na baada ya watalii wakaja wenye mahoteli na nyumba za mapumziko. Leo kijana wa bodaboda aliyezaliwa mtaa wa Barani anaweza kupatana nauli kwa Kiitaliano kama anavyopatana kwa Kigiriama, na piza iko mjini sawa na wali wa nazi.

Ila kuna jambo ambalo Waitaliano wamelijua kwenye pwani zao wenyewe, na ambalo msafiri wa Kenya angefaa kuliiga. Barabara ya pwani ya Amalfi, kusini mwa Naples, imechongwa kwenye jabali, na ni nyembamba kiasi kwamba mabasi makubwa mawili yakikutana kwenye kona huwa taabu kupishana. Msimu wa watalii ukipamba moto, wageni wenye magari hupangiwa siku za kupita kwa kufuata tarakimu ya mwisho ya nambari ya gari. Kwa hiyo aijuaye pwani ile huacha gari mjini Salerno akapanda boti. Kaskazini, huko Cinque Terre, vijiji vitano vya mlimani vimeunganishwa kwa treni, na mtu hushuka anapopenda, akala, akatembea, akapanda inayofuata. Likizo yenyewe ndiyo hiyo njia.

Pwani ya Kilifi haina majabali ya namna hiyo wala treni. Ina matatu, tuktuk, bodaboda, baiskeli na mtumbwi, na vyatosha.

Anayetoka Nairobi kwa treni iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 hushukia Miritini, akavuka mji wa Mombasa hadi steji ya Buxton, ambako matatu za Kilifi na Malindi hupakia. Hadi Malindi ni kilomita 120 hivi, na asubuhi moja yatosha kuzimaliza. Bora zipewe siku tatu au nne. Baada ya Mtwapa mkonge wa Vipingo unatanda pande mbili, mibuyu imesimama katikati yake kama wazee barazani, na bahari haionekani ingawa iko karibu. Kuiona, lazima ushuke.

Pa kwanza pa kushuka ni Takaungu. Bodaboda humtoa mgeni barabarani hadi mji mdogo wa Waswahili ambako ukoo wa Wamazrui ulihamia baada ya kunyang'anywa Mombasa na Sultani Seyyid Said mwaka 1837. Vichochoro ni vyembamba, na huko mtu havai nguo za ufukweni. Anayeuliza habari za kuvuka mlango wa bahari aanze na "Shikamoo, mzee." Atajibiwa, "Marahaba, mwanangu. Maji bado, ngoja kidogo." Hapo ngoja kidogo ni ratiba kamili, maana mtumbwi huenda na maji.

Kilifi iko mbele kidogo. Hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1991 magari yalivushwa kwa feri, na foleni ilikuwa sehemu ya safari. Feri imekwenda, wauza korosho wamebaki: matatu ikisimama tu, vifurushi vinainuliwa hadi dirishani. Upande wa kusini wa mlango wa bahari, juu ya maji, yako magofu ya Mnarani, msikiti na makaburi ya Waswahili wa karne nyingi zilizopita, na kutoka hapo daraja na madau huonekana kwa pamoja.

Kutoka Kilifi kwenda Gede barabara inapita ubavuni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita mraba 420 hivi, makao ya mnyama aitwaye sange, mwenye matako ya rangi ya dhahabu. Ndani ya uwanja wa magofu ya Gede kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993: wakulima wa kandokando ya msitu hufuga viwavi, na mabuu yao huuzwa ng'ambo kwenye maonyesho ya vipepeo. Magofu yenyewe, mji wa mawe uliohamwa karne ya 17, yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Huko saa mbili za miguu hazitoshi.

Kisha Mida. Hapa ndipo msafiri asipunguze muda hata kidogo.

Mida ni hori la bahari lililozungukwa na mikoko, na kila kitu humo kinaamriwa na mwezi. Kwa siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndipo huwa bamvua: pwani hii maji hupwa mno karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri. Katikati ya bamvua mbili ni maji mafu, na bahari haisogei sana. Yakipwa, tope linabaki wazi na ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia wanashuka kula. Yakijaa, mpiga kasia anaingiza mtumbwi katikati ya mikoko hadi mizizi inagusa ubavu wa chombo na kelele zote zinakatika. Kuna pia daraja la mbao na kamba linaloning'inia juu ya mikoko. Ada yake huchangia karo ya watoto wa sekondari wa jirani na msitu. Kijijini Dabaso, kando ya hori, kikundi cha wanakijiji kina mkahawa uliojengwa kwa mbao ndani ya mikoko, na sambusa zake za kaa zina sifa.

Hesabu ya fedha iko hapo. Anayekodi gari Mombasa hadi hotelini humlipa mtu mmoja. Anayekwenda kwa kushuka na kupanda humlipa makanga, mwenye tuktuk, mpiga kasia, mama wa viazi na kijana mwongozaji, na kila mmoja analala karibu na kazi yake.

Watamu ni dakika chache za tuktuk kutoka Gede, na ardhi yake ni tambarare, baiskeli yatosha. Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi ziliwekwa mwaka 1968, na ada ya kuingia hulipwa kwa eCitizen, si mkononi mwa mtu ufukweni. Mwenye chombo cha kioo chini aulizwe maji yanapwa saa ngapi, kwa kuwa matumbawe huonekana vizuri yakipwa. Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari hutulia zaidi. Wakati wa mvua mto Sabaki huleta udongo kutoka bara na maji ya Malindi huwa ya kahawia. Siku hizo mtu aogelee Watamu.

Ndani ya Malindi tuktuk ndiyo miguu ya mji. Nauli ipatanwe kabla ya kupanda, na kwenye bodaboda kofia ya chuma idaiwe. Nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika mwaka 1498, iko ufukweni, lakini Malindi ilikuwa na wageni wa mbali kabla yake: mwaka 1415 wajumbe wake walimfikishia mfalme wa China twiga. Mwenye siku ya ziada avuke daraja la Sabaki kwenda Mambrui na Ngomeni, au apande hadi Marafa, kwenye korongo la Nyari, alasiri jua linapougeuza udongo wake kuwa mwekundu.

Basi likizo ikifika, usilipe nauli ya moja kwa moja hadi Malindi. Mwambie makanga akushushe Gede, kisha uulize maji yanajaa saa ngapi.