Ule Utando wa Bafuni Si Nongo

Chukua chupa mbili za plastiki zenye vifuniko. Moja itie maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, nyingine maji ya kisima. Kwangua sabuni ya mche, tia kiasi kile kile katika kila chupa, funga, tikisa. Kama unaishi Unguja, Mombasa au popote pwani ambapo visima vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, jibu utalipata kabla mkono haujachoka. Chupa ya mvua hujaa povu hadi shingoni. Ya kisima hutoa povu dogo lisilodumu, na maji yake hugeuka kijivu kama tui lililokatika, yenye chembe nyeupe zinazoelea na kung'ang'ania ukuta wa chupa.

Chembe hizo ndizo zinazokuchosha bafuni. Ndizo zinazochora mstari wa kijivu kuzunguka hodhi la kuogea, zinazofifisha vigae na kufanya beseni likwaruze vidole hata baada ya kusuguliwa. Nyumba nyingi huuita utando huo nongo, na lawama humwangukia aliyeoga mwisho au dada wa kazi anayedhaniwa mvivu. Ukweli ni kwamba mtu msafi kabisa, akioga kwa sabuni ya mche katika maji ya aina hiyo, atauacha vile vile. Jasho na vumbi hunasa humo baadaye na kuupa rangi, lakini mwili wa utando wenyewe ni sabuni.

Aliyetufungua macho kuhusu sabuni ni Mfaransa Michel Eugène Chevreul. Mnamo 1811 alianza kuchunguza sabuni iliyotengenezwa kwa mafuta ya nguruwe. Aliitia asidi, na mara vikajitenga vitu vyeupe vyenye mng'ao, vya jamii ya mafuta lakini vyenye tabia ya asidi. Aliendelea kwa miaka mingi, akaviita majina, na mwaka 1823 akachapisha kitabu kilichoonyesha kuwa sabuni huzaliwa pale asidi za mafuta zinapoungana na magadi au jivu. Alikufa mwaka 1889 akiwa na miaka 102, na jina lake limechorwa kwenye mnara wa Eiffel, uliokamilika mwaka huo huo. Kumbuka lile tendo lake la kutia asidi kwenye sabuni, kwa maana ndilo utakalolifanya bafuni kwako.

Chembe ya sabuni ni kama uzi wenye ncha mbili. Ncha moja hupenda maji, uliobaki wote hupenda mafuta, na kwa sababu hiyo sabuni inaweza kuushika uchafu wa mafuta na kuusafirisha na maji. Inayoiwezesha ncha ile kukaa majini ni sodiamu, ambayo huachia kwa urahisi. Sasa maji ya mvua yanapopenya katika mwamba wa matumbawe, ambao kwa asili ni chokaa, huyeyusha sehemu yake na kubeba kalsiamu, mara nyingi pamoja na magnesiamu. Kalsiamu ina mikono miwili. Ikikutana na sabuni hukamata nyuzi mbili kwa pamoja na haiziachii tena. Kinachotokea ni kitu kisichoyeyuka katika maji, chenye kunata, kinachotafuta mahali pa kutua. Wataalamu huyaita maji ya namna hii maji magumu.

Jaribio la chupa uliloanza nalo ni la zamani. Thomas Clark, profesa wa kemia huko Aberdeen, Scotland, alipima ugumu wa maji kwa kuhesabu ni sabuni kiasi gani inahitajika hadi povu lidumu, na mwaka 1841 akapata hataza ya njia ya kulainisha maji. Kipimo chake kinatuambia jambo linalogusa mfuko. Katika maji magumu, sehemu ya kwanza ya kila mche wa sabuni hailisafishi shati wala mwili. Inatumika kuimaliza kalsiamu tu, na inayobaki ndiyo inayofua. Mama anayelalamika kuwa mche hauishi wiki hajapunjwa na muuza duka, kapunjwa na mwamba ulio chini ya kisima chake.

Basi utando huo utautoaje? Nguvu ya mkono haisaidii sana, na chuma cha kusugulia sufuria kinaharibu. Kinakwaruza enameli ya hodhi, na mikwaruzo ile inakuwa makao ya utando mpya. Kinachotakiwa ni asidi nyepesi iliyopewa muda. Pasha siki moto kidogo, lowesha vitambaa, vibandike juu ya mstari wa kijivu, viache nusu saa. Asidi huichukua kalsiamu na kuziachia zile asidi za mafuta, kama ilivyokuwa kwa Chevreul. Ila sasa umebaki na mafuta, na hapa ndipo wengi hukata tamaa, maana ukipitisha mkono unateleza na unadhani siki imeshindwa. Haijashindwa. Suuza, kisha pitisha sifongo yenye magadi kidogo na maji ya moto. Magadi yanayageuza yale mafuta kuwa sabuni tena, nayo inaondoka. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo inafaa pia, kwa kuwa ni ya jamii nyingine kabisa. Jamii hiyo ilianza kutengenezwa Ujerumani wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, mafuta ya kutengenezea sabuni yalipokuwa haba, na haifungwi na kalsiamu kirahisi.

Zingatia utaratibu: siki kwanza, suuza, halafu magadi. Watu hupenda kuvichanganya katika bakuli moja wakifurahia mapovu. Mapovu yale ni hewa ya kaboni inayotoroka wakati asidi na magadi vinauana. Yakitulia, kilichobaki kwenye bakuli ni maji yenye chumvi isiyo na kazi kubwa.

Ndimu hufanya kazi ya siki, na bibi zetu waliong'arisha sinia za shaba kwa ukwaju walikuwa wakitumia asidi kwa ujuzi kamili, bila kuhitaji jina lake. Madoa ya kutu kutoka kwenye bomba nayo huitika kwa ndimu na chumvi. Lakini kuwa mwangalifu na mahali unapoimwaga. Asidi inayokula chokaa ya utando itakula pia marumaru, tarazo, saruji iliyo kati ya vigae, na sakafu za chokaa za nyumba za kale kama zile za Mji Mkongwe. Huko tumia sabuni ya vyombo na uvumilivu.

Sasa lile ninaloliogopa kuliko yote. Utando ukikataa kutoka, mtu huchukua jiki. Jiki huua vijidudu na kufifisha rangi, lakini haivunji muungano wa sabuni na kalsiamu, na doa la kutu hulifanya likomae zaidi. Akiona haifai, huongeza siki, au ile dawa kali ya kusafishia choo, palepale juu ya jiki. Jiki ikikutana na asidi hutoa klorini. Carl Wilhelm Scheele, mfamasia wa Sweden, ndiye aliyeipata hewa hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1774, na miaka kumi baadaye huyo huyo akaitenga asidi ya ndimu. Tarehe 22 Aprili 1915 jeshi la Ujerumani liliachilia klorini kutoka kwenye mitungi karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, na wanajeshi wengi wakafa kwa kukosa pumzi. Kiasi cha bafuni ni kidogo, lakini bafu nalo ni dogo, mlango umefungwa, na anayesugua ameinama uso wake ukiwa karibu na sakafu. Macho huwasha, kifua hubana, kikohozi hakikomi. Mwenye pumu anaweza kuishia hospitali.

Ikikutokea, usijaribu kumalizia kazi. Toka nje upate hewa, acha mlango na madirisha wazi, na kama pumzi haitulii nenda hospitali. Na kama kuna mtu anayekusafishia nyumba, mpe glavu, mweleze haya kwa mdomo, usimwachie maandishi madogo ya kwenye chupa ayasome mwenyewe. Leo kabla ya kulala, itoe jiki kwenye rafu ya siki na dawa ya choo, uiweke mbali.