Kabla ya Dawa, Tumjue Nyoka

Mwaka 2007, Wolfgang Wüster na Donald Broadley walimtangaza swila mpya kwa sayansi, Naja ashei, kutokana na nyoka wa Watamu, Pwani ya Kenya. Jitu hili hutema sumu na huweza kuzidi urefu wa mita 2, lakini kwa miaka mingi lilichukuliwa kuwa ni swila yuleyule mwenye shingo nyeusi, ila rangi tu imebadilika. Kama nyoka mkubwa hivyo alitupita, wangapi wadogo wamejificha Turkana, Marsabit na Wajir?

Nyanda kame ni zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya, na kuzichunguza kunataka subira. Vyura wake wengi hujifukia ardhini kiangazi chote. Mvua ikinyesha hutoka, huimba, hutaga kwenye madimbwi, kisha hutoweka. Mtafiti anayechelewa huondoka akidhani hapana chura. Chura wa Turkana, Sclerophrys turkanae, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1985, bado anajulikana kutoka sehemu chache mno, Loiyangalani ikiwamo.

Ndiyo maana watafiti hutembea usiku na tochi, hurekodi milio na kupindua mawe. Hufukia ndoo, midomo ikiwa sawa na udongo, na kuziunganisha kwa uzio mfupi wa plastiki; mjusi anayeufuata uzio hutumbukia ndani. Asubuhi hupimwa, hupigwa picha, na mahali alipopatikana huandikwa.

Orodha ya nyoka inayotokana na kazi hiyo huokoa maisha. Kaskazini yupo Echis pyramidum, nyoka mdogo anayesugua magamba yake yakatoa sauti ya msumeno. Sumu yake huzuia damu isigande. Mhudumu wa afya huweka mililita 2 za damu ya aliyegongwa kwenye neli kavu ya kioo na kuiacha dakika 20 bila kuigusa. Akiiinamisha na damu ikatiririka, mgonjwa anahitaji dawa ya sumu haraka. Lakini dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India haifanyi kazi vizuri dhidi ya jamaa zao wa Afrika.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na linataka vifo hivyo vipungue kwa nusu ifikapo 2030. Kaunti zinazoagiza dawa bila kujua nyoka wake zinabahatisha kwa maisha ya wafugaji. Bajeti ya afya itenge fungu la utafiti huu.