Kamera ya Kila Siku na Mfuko wa Kuibebea



Mwaka 2019 ndugu yetu mmoja katika kiwanda cha chai, hapa kwetu Uganda, alikatwa vidole viwili na mashine ya kusagia majani. Kinga ya mashine ile ilikuwa imefunguliwa tangu wiki iliyotangulia na kuegemezwa ukutani, na kila mtu wa zamu ya usiku aliiona hapo. Mwakilishi wa tawi alipiga picha asubuhi ile ile kabla damu haijaoshwa. Tukafurahi, tukasema safari hii hatushindwi.

Mkaguzi alifika baada ya siku tisa. Kinga ilikuwa mahali pake, imepakwa rangi mpya ya kijani, na msimamizi akaapa kwamba haijapata kutoka. Sisi tukatoa picha yetu. Wakili wa mwajiri akaitazama, akauliza kwa upole picha hii ni ya lini. Tarehe iliyochapwa pembeni ilikuwa 1 Januari 2012. Betri ilikuwa imelala ndani ya kamera ile miezi mingi mpaka ikafa, na saa ya kamera ikarudi ilikoanzia. Hakuna hata mmoja wetu aliyeitazama. Fidia ililipwa mwishoni kwa ajili ya mashahidi watatu waliosimama imara, lakini ilichukua karibu miaka miwili, na muda wote huo ndugu yetu aliishi kwa mikopo ya jirani.

Tangu hapo matawi mengi yametuuliza: tununue kamera gani, na tuibebeje? Tunajibu kwa yale tuliyoyaona wenyewe. Sisi si wapiga picha wa studio, na hatukusomea kazi hiyo.

Tuanze na simu, maana wengi watasema simu inatosha. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Simu iko mfukoni kila saa, na saa yake hujirekebisha yenyewe kwa mtandao, kwa hiyo aibu iliyotupata sisi haimpati mwenye simu. Ukiwa na simu tu, tumia simu, ila futa kioo chake kwanza. Nusu ya picha mbovu tunazoletewa ofisini hazikuharibiwa na simu, ni mafuta ya vidole na vumbi la chai juu ya kioo kile kidogo. Lakini simu ina mambo mawili mabaya. Viwanda vingi huziacha simu langoni kwa askari. Na nyapara akikunyang'anya simu, hakunyang'anyi picha moja: amepata majina ya wanachama wote, maneno mliyoandikiana usiku kuhusu mgomo, na picha za watoto wako. Kamera haina majina ya watu ndani yake. Ndiyo sababu tunasema tawi linaloweza liwe na kamera yake ndogo, na kamati ijue wazi inatumika wapi. Kama mkataba wenu wa pamoja unaipa kamati ya usalama nafasi ya kukagua mitambo, ombeni kwa barua kamera iingie pamoja na kamati. Barua iliyokataliwa nayo ni karatasi ya kuwekwa faili.

Sasa kamera yenyewe. Msidanganyike na ile kubwa yenye lenzi za kubadilisha. Bei yake hupita mishahara ya miezi mingi ya mchuma chai, na hata mkiipata kwa msaada, uzito wake utaifanya ibaki kabatini kwa katibu. Tulipata kuwa nayo moja. Ilitoka siku ya Mei Mosi na siku ya uchaguzi wa tawi, basi. Zaidi ya hayo, ukifungua lenzi ndani ya kinu cha pamba, vumbi linaingia mle ndani na halitoki kwa kupuliza kwa mdomo.

Tafuteni ndogo ya kuingia kiganjani, yenye lenzi yake isiyotoka. Kwenye lenzi kuna namba za milimita. Namba ikiwa ndogo, kamera huona upana zaidi. Chukueni inayoanzia 28 au 24, kwa kuwa ndani ya chumba cha mashine mgongo wako uko ukutani na hakuna pa kurudi nyuma. Wenye duka watakusifia namba kubwa za kuvuta mbali. Mbali kwetu hakuna kazi: mashine iko mita moja, na jeraha liko sentimita 20. Tazameni kama ina alama ya ua, ambayo ni ya kupiga vitu vya karibu. Nukta milioni 10 zinatosha kuchapa picha safi ya ukubwa wa karatasi ya A4, kwa hiyo msilipie milioni 40.

Kwa umeme wetu huu wa kuja na kwenda, kamera zinazotumia betri za kawaida za AA ni rafiki wa mfanyakazi. Nyingi kati ya zile Canon PowerShot za aina ya A za miaka ya 2000 zilikuwa hivyo, na bado zinapatikana zilizokwisha kutumika. Wekeni betri za kuchaji, maana zile za redio huisha upesi.

Mkinunua iliyotumika, fanyeni hivi dukani bila haya. Fungueni mlango wa betri mara tatu. Kishikizo chake ndicho huvunjika kwanza. Elekezeni lenzi kwenye mwanga na mtazame ndani: mkiona kama nyuzi za buibui, huo ni ukungu, rudisheni. Pigeni picha ya ukuta mweupe na mtafute madoa. Kisha wekeni tarehe na saa, toeni betri kwa dakika moja, rudisheni, na mtazame kama saa imekumbuka. Jaribio hilo sisi tulilinunua kwa gharama kubwa.

Sasa mfuko. Hapa ndipo watu hupuuza, na hapa ndipo kuna mengi.

Yuko mtu mmoja wa Afrika Kusini ambaye kila mwakilishi wa tawi amjue. Ernest Cole alizaliwa mwaka 1940, mtu mweusi katika nchi ya ubaguzi, ambako kupiga picha penye dhuluma kulikuwa njia ya kwenda gerezani. Alitaka kuonyesha mambo wanayofanyiwa wachimbaji wa migodini. Aliingiza kamera mgodini ndani ya mfuko wa chakula cha mchana. Kwa mfuko huo tumepata picha ambayo mtu akishaiona haisahau: waajiriwa wapya wamepangwa mstari, uchi, nyuso ukutani, mikono juu, wakipimwa afya kama ng'ombe mnadani. Aliondoka nchini mwaka 1966, na kitabu chake House of Bondage kilitoka Marekani mwaka 1967. Serikali ya makaburu ilikipiga marufuku.

Kwa hiyo msinunue begi la kamera. Begi jeusi lenye sponji na jina la kampuni ya kamera limeandikwa kwa herufi nyeupe linamwambia mwizi wa stendi na askari wa lango jambo lile lile. Mfuko wa turubai ndio mzuri, wa aina ile ile wanayobeba wenzako. Uwe na mfuniko wa kuangukia mbele juu ya zipu, maana zipu peke yake huingiza mvua. Mkanda uwe mrefu wa kupita kifuani, ili ukiwa juu ya boda boda mikono iwe huru. Usiwe na vile vibandiko vinavyochanika kwa kelele. Na usiwe mkubwa: mfuko mkubwa hujazwa na mambo ya nyumbani.

Chakula na kamera vyaweza kukaa pamoja, ila visigusane. Mwenzetu mmoja alimwagia kamera mchuzi wa karanga, na hadi leo kitufe chake kimoja hunata. Wekeni kamera ndani ya kikopo chake cha plastiki chenye kifuniko, kikiwa kimezungushiwa sweta. Ndani ya kikopo tieni vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja katika maboksi ya viatu, hunyonya unyevu. Katika wilaya zetu za chai, ambako mvua hukaa kama mgeni asiyeaga, kamera iliyofungiwa kabatini gizani huota ukungu kwenye lenzi. Ikikaa wiki nzima bila kazi, itoeni ipate hewa na mwanga, lakini si juu ya bati la moto.

Ndugu wa viwanda vya samaki na wa mashamba ya maua wana shida nyingine. Ukitoka na kamera chumba cha baridi ukaingia kwenye joto, hutoka jasho kama chupa ya soda, na maji hayo huingia ndani. Kabla ya kutoka, ifungeni ndani ya kaveera, yaani mfuko wa nailoni, toeni hewa, fungeni fundo, na msifungue mpaka kamera ipate joto la nje. Kaveera hiyo hiyo huokoa mvua ikija ghafla. Na wanaonyunyizia dawa shambani wasiuache mfuko mahali dawa inapochanganywa, kwa kuwa mkanda ule utarudi begani mwako, na chakula kimo ndani.

Vitu vingine vya mfukoni ni vichache. Betri za pili. Kadi mbili ndogo badala ya moja kubwa, ili ikipotea moja isipotee kazi yote. Daftari na penseli. Kalamu ya wino hulia kwenye mvua. Futi ya kitambaa ya fundi cherehani. Na maharagwe makavu nusu kilo yaliyoshonwa katika kijifuko. Msicheke. Chumba cha mashine kina giza, na mwanga wa flashi hukutangaza mpaka ofisini kwa meneja na tena hurudishwa na chuma ukaona weupe mtupu. Weka kijifuko cha maharagwe juu ya boriti au gunia, laza kamera juu yake, iambie isubiri sekunde mbili kabla ya kupiga, na uondoe mkono. Picha itakuwa tulivu.

Futi na daftari tulijifunza kwa mwalimu wa Marekani aitwaye Lewis Hine. Tangu mwaka 1908 alitumwa na kamati ya taifa ya kupinga kazi ya watoto, akaingia vinu vya pamba, migodi na viwanda vya samaki. Kamera yake ilikuwa sanduku zito la vioo, na mwanga wake ulikuwa wa unga uliolipuka. Kumficha hakukuwezekana, basi alijificha yeye: siku moja muuza Biblia, siku nyingine mkaguzi wa moto. Alikuwa amepima urefu wa kila kifungo cha koti lake kutoka ardhini. Mtoto akisimama mbele yake, alijua kimo chake kwa kifungo, akaandika ndani ya mfuko mkono ukiwa umefichwa: umri, kimo, kazi, saa za kazi. Wenye vinu waliposema picha ni za uongo, yeye alikuwa na vipimo. Picha zake zilisaidia kuamsha nchi ile, ingawa sheria ya shirikisho ya kudhibiti ajira ya watoto ilisimama imara mwaka 1938 tu.

Nasi tufanye hivyo. Kila jambo picha tatu: moja kutoka mbali ionyeshe chumba chote, moja ya mashine nzima, moja ya karibu na futi imelazwa kando ya kosa. Kisha daftarini: siku, saa, idara, namba ya mashine, nani alikuwepo. Ukituma kwa WhatsApp kama picha, hubanwa na kupotezewa tarehe iliyofichwa ndani. Itume kama faili. Ya asili ibaki kwenye kadi kama ilivyo, bila kukatwa wala kung'arishwa.

Lipo jambo moja hatupendi kulieleza, lakini tutalieleza. Mwaka 2021 tuliwapa watu wa gazeti picha ya choo kilichobomoka katika shamba moja. Pembeni alionekana mama mmoja mchuma chai akisubiri zamu yake. Hatukumwuliza. Mwezi haukwisha, jina lake halikuwamo tena kwenye orodha ya vibarua, na hakuna aliyeandika sababu. Tulikwenda mara nne kwa meneja, hatukufaulu. Mama yule anauza mihogo sasa, na tukipita hutusalimu vizuri, jambo ambalo hutuumiza zaidi kuliko kama angetutukana. Tangu hapo kila mtu anayeonekana uso huulizwa kabla, na jibu lake huandikwa daftarini. Asiyetaka, tunapiga mikono yake, au viatu vyake.

Picha zikishapatikana, nakala mbili sehemu mbili: moja ofisi ya tawi, moja mbali na hapo. Filamu za Ernest Cole zaidi ya 60,000 zilionekana tena mwaka 2017 katika benki moja huko Sweden, yeye akiwa amekufa tangu 1990, maskini. Sisi hatuna benki Sweden. Tuna kabati ya katibu na sanduku la bati kwa mweka hazina.

Mfuko wa tawi letu sasa una miaka mitano. Mkanda umeshonwa mara mbili na fundi viatu wa sokoni. Unatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi, na anayeuchukua hutia sahihi kitabuni, na kabla ya sahihi anasoma kwa sauti tarehe iliyo kwenye kioo cha kamera, na katibu anaitazama na kalenda ya ukutani. Matawi yanayotaka kuuona waje Jumamosi baada ya saa nane mchana. Waje na kamera zao kama wanazo, na betri.