Misalaba mitatu si hukumu: tuwaeleze wagonjwa kwa Kiswahili cha nyumbani

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho sisi tuliosoma tunakiona kidogo: maneno anayotoka nayo mgonjwa hospitalini. Dawa anaibeba mfukoni, maneno anayabeba kichwani. Dawa ikifika nyumbani na maneno yamepotea njiani, ile dawa inaweza kukosa kazi, au hata kuleta hatari.

Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi kwenye vituo vya afya upande wa Kasongo na upande wa Kabambare. Katiba yetu ya 2006 inasema Kifaransa ni lugha rasmi, na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa. Kituoni mpaka huo unaonekana wazi: fishi inaandikwa kwa Kifaransa, lakini mgonjwa anaumwa kwa Kiswahili. Na kwa wazee wengi wa vijiji vya Kabambare, hata Kiswahili ni lugha ya pili baada ya Kibangubangu.

Tuanze na malaria. Labo ikitazama damu kwa darubini, inaandika alama za kujumlisha: moja, mbili, tatu. Kwetu tunaziita misalaba. Basi mama anaambiwa, "Mtoto ana misalaba tatu", na moyo unamkatika, kwani msalaba yeye anaujua wa makaburini. Ile alama inaonyesha tu wingi wa vijidudu walivyoviona kwenye damu. Na upande wa pili, msalaba mmoja hauna maana kwamba ugonjwa ni mdogo. Mtoto mwenye degedege, asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, au anayelala bila kuamka vizuri, huyo ni wa kukimbiza hospitali, misalaba iwe mingapi.

Neno "pozitifu" nalo linadanganya. Shuleni pozitifu ni kitu kizuri. Labo, pozitifu maana yake "tulichokitafuta tumekiona", na negatifu maana yake "hatukukiona". Ukisema hivyo, hata bibi ambaye hakusoma ataelewa.

Sasa saa. Kwenye karatasi ya dawa imeandikwa "8h". Muuguzi anafikiria saa mbili asubuhi. Mama anasoma saa nane, yaani mchana. Jirani anasema hapana, ni kila baada ya masaa manane. Watu watatu, na kila mmoja ana saa yake! Dawa ya malaria ya artemetha na lumefantrini inamezwa mara 6 kwa siku 3. Kipimo cha pili kinafuata cha kwanza baada ya masaa manane, halafu ni asubuhi na jioni, siku ya pili na ya tatu, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Kama mtoto amemeza cha kwanza saa nne asubuhi, mwambie mama: "Cha pili utampa jua likizama, wakati wa adhana ya magharibi." Kasongo hakuna asiyeijua hiyo saa. Kisha ongeza: "Kesho homa itashuka, atacheza. Usisimamishe dawa. Vijidudu vimepungua, havijakwisha." Wengi wanaacha siku ya pili na kuweka vidonge vilivyobaki kwa mtoto mwingine, si kwa ubishi, ila kwa sababu hakuna aliyewaambia kwa nini ni siku tatu.

Msidhani ni shida ya Maniema peke yake. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 395. Waliwapa maandishi ya chupa ya dawa: vidonge viwili, mara mbili kwa siku. Kati ya wale wenye elimu ndogo ya kusoma, kama 71 kwa 100 waliweza kusema maneno yale sawasawa. Walipoombwa kuonyesha idadi ya vidonge vya siku nzima, ni kama 35 tu kwa 100 waliopata vinne. Kurudia maneno ni kitu kimoja, kujua la kufanya ni kingine.

Ndiyo maana swali la "Umeelewa, mama?" halina faida. Kwa heshima atajibu "Ndiyo, docta", hata kama hakushika kitu. Kwetu nani atamwambia muganga kwamba maneno yake hayakueleweka? Uliza hivi: "Mama, ukifika nyumbani, baba au mama mkwe akikuuliza muganga amesema nini, utamjibu nini?" Hapo utasikia yaliyoingia na yaliyopotea. Akikosea, usimgombeze. Sema, "Pengine sikueleza vizuri, turudie." Inachukua dakika mbili tu.

Mfano mwingine ni chumvi ya kuhara, ile pakiti. Pakiti ya kawaida inachanganywa na litri moja ya maji salama. Lakini nyumbani litri ni nini? Chupa ya bia haifiki litri moja, na bidoni ya manjano ni litri nyingi. Maji yakiwa kidogo, chumvi inazidi na inaweza kumdhuru mtoto. Yakiwa mengi mno, hayarudishi nguvu inavyotakiwa. Kwa hiyo mwonyeshe mama chombo, weka alama, achanganye mbele yako. Yakipita masaa 24, amwage, atengeneze mengine.

Kwa magonjwa ya kukaa nayo, maneno yanahitaji subira zaidi. "Tansio" wengi wanafikiri ni mawazo au hasira. Eleza: damu inasukuma mishipa kwa nguvu kupita kiasi, hata siku unajisikia mzima, ndiyo maana dawa ni ya kila siku. Na mwezi wa Ramadhani usingoje mgonjwa wa sukari abadilishe dawa peke yake. Muulize mapema kama atafunga, mpange pamoja.

Kasongo yetu ina historia katika mambo haya. Miaka ya 1970 uliendeshwa hapa Mradi wa Kasongo, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerpen, kutafuta namna ya kusogeza vituo vya afya karibu na watu. Mwaka 1981 gazeti la The Lancet lilitoa utafiti wao juu ya chanjo ya surua. Lakini ukaribu si kilometa tu. Mtu anaweza kukaa mbele ya meza ya muganga, na maneno bado yakawa mbali naye.

Basi, wenzangu, tukirudi likizo tuwasindikize wazazi wetu kituoni, tuulize kwa niaba yao: dawa hii ni ya nini, anameza ngapi, saa ngapi, siku ngapi, na ni dalili gani ya kumrudisha haraka? Tuwasaidie wale reko wanaozunguka nyumba kwa nyumba wapate maneno mepesi. Na kama kwenu kuna neno bora kuliko haya yangu, mlilete. Diploma yetu ina faida gani kama bibi anatoka hospitali na karatasi ambayo hakuna wa kumfasiria?