Gobore na Kipimo Chake

 

Leo tuzungumze na wenzetu wa Mbinga na wale wa mwambao wa Ziwa Nyasa, huko Mbamba Bay, Liuli na Lituhi. Ninyi mnaijua shida hii kuliko sisi tunaoisema. Umelima ngoro zako mlimani, umefukia nyasi, umevuna maharage na sasa mahindi yanabeba. Au uko chini ziwani, muhogo wako umekomaa. Usiku mmoja nguruwe pori wanaingia, na asubuhi unakuta robo ya shamba imelala chini. Mchana nao nyani wanashuka kutoka kwenye majabali. Kazi ya miezi sita inaisha kwa siku mbili.

Baadhi yenu mna gobore, tena la kibali, mliloachiwa na wazee kwa utaratibu wa sheria. Wengi wenye gobore wanaamini kwamba baruti ikiwa nyingi ndipo bunduki inapopiga vizuri. Hayo si kweli. Gobore lina kipimo chake, na kipimo hicho hutafutwa kwa subira kuanzia chini kwenda juu. Anayekisia huumia yeye mwenyewe kabla ya nguruwe.

Kwanza kibali

Kabla ya baruti, tuanze na karatasi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015, inataka kila bunduki iwe na leseni, na gobore ni bunduki. Leseni ya bunduki si leseni ya kuwinda. Kwa wanyama waharibifu wa mazao, mwone afisa wanyamapori wa wilaya kupitia serikali ya kijiji, akueleze unachoruhusiwa kufanya na taarifa unayopaswa kutoa.

Na lile gobore lililotengenezwa kwa bomba la maji je? Ndugu yangu, hilo halina kipimo. Bomba la maji halikutengenezwa kustahimili mlipuko wa baruti. Linaweza kupiga mara kumi likakudanganya, na mara ya kumi na moja likapasuka usoni mwako. Tena ni kosa la jinai. Lipeleke kituo cha polisi ulisalimishe. Maneno yetu ya leo hayalihusu.

Kwa nini ni la gumegume

Pengine umejiuliza kwa nini babu zetu walikuwa na bunduki za gumegume wakati Wazungu walikuwa na bunduki za kisasa. Katika karne ya 19 bunduki za kushindilia zililetwa kwa wingi Afrika Mashariki na misafara ya biashara. Nyingi zilikuwa zimekwisha kutumiwa na majeshi ya Ulaya. Kisha tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Mkataba huo ulizuia silaha za kisasa kuingizwa Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya Ikweta. Lakini uliacha mlango kwa bunduki za gumegume zenye mtutu laini usio na mifereji ndani, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Walijua wazi kwamba silaha ya namna hiyo haitawashinda. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipofika Songea, watu wetu walikabili bunduki za mzinga kwa mikuki na magobore.

Linalotuhusu leo ni hili. Bunduki za askari zilitengenezwa kwa kujaza upesi, wala si kwa shabaha nzuri. Bunduki ya zamani ya jeshi la Uingereza ilikuwa na mtutu wa upana wa milimita 19, lakini risasi yake ilikuwa na milimita 17 na nusu tu. Risasi ilicheza ndani ya mtutu kama punje ya mahindi ndani ya debe, ikatoka huku inagonga kuta, na haikujulikana itaelekea wapi. Ukitaka shabaha, lazima uzibe nafasi hiyo.

Risasi na kitambaa

Mpe fundi wa bunduki mwenye leseni apime upana wa mtutu wako. Mfano, mtutu uitwao namba 20 una upana wa milimita 15.6. Maana ya namba hiyo ni kwamba risasi 20 za mviringo zenye upana sawa na mtutu huo zina uzito wa ratili moja. Mtutu kama huo hufaa risasi ya milimita 15, yenye uzito wa gramu 20 hivi. Nafasi inayobaki huzibwa kwa kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta ya mnyama. Risasi hukaa juu ya kitambaa, vikashuka pamoja.

Utajuaje kwamba vinafaana? Risasi ishuke kwa kusukumwa na mdeki kwa mkono mmoja. Ikidondoka yenyewe, imelegea. Ikihitaji kugongwa kwa nyundo, imebana. Baada ya kupiga, kiokote kitambaa ukitazame. Kikiwa kizima, chenye weusi katikati, ni dalili njema. Kikiwa kimeungua au kimechanika, ni chembamba mno au mafuta ni machache.

Risasi ikiongezeka milimita moja tu, kutoka 15 hadi 16, uzito wake hupanda kutoka gramu 20 hadi 24. Kwa hiyo ukibadili kalibu, usiseme kipimo ni kile kile. Anza upya.

Baruti

Tumia baruti nyeusi halali, iliyonunuliwa kwa kibali, basi. Usivunje risasi za shotigani ukatoa baruti yake ukaitia katika gobore. Baruti ile haitoi moshi mwingi, lakini nguvu yake hupanda ghafla kupita uwezo wa mtutu wa zamani. Kosa hilo moja limewaondolea watu vidole na macho.

Pima baruti kwa kipimo cha ukubwa mmoja, kilichochongwa kwa pembe au mwanzi. Usimimine kutoka kwenye chombo kikubwa moja kwa moja hadi mtutuni. Ndani ya mtutu panaweza kuwa na kaa dogo la moto lililobaki, na chombo chote kikakulipukia mkononi. Na sigara au kiko, viache nyumbani.

Kutafuta kipimo

Muulize fundi kiwango cha mwisho cha baruti kwa bunduki yako hasa, akuandikie. Huo ni ukuta, usiuruke.

Tuchukue mfano wa hesabu, na ni mfano tu, si agizo kwa kila bunduki. Tuseme fundi amekuandikia mwisho ni gramu 4. Wewe anza na gramu 2 na nusu. Weka karatasi ya shabaha hatua 25 mbele ya ukingo mrefu wa udongo. Egemeza bunduki juu ya gunia la mchanga, piga risasi 5, kisha nenda ukatazame. Usijali kama zimepiga juu au chini. Tazama kama zimekaa pamoja. Ongeza kidogo, gramu 2.8, piga 5 nyingine kwenye karatasi mpya. Kisha gramu 3.1, kisha 3.4. Andika kila mara.

Utaona mambo. Huenda kwa gramu 2 na nusu matundu yametawanyika kama sahani ya wali. Kwa 3.1 yakakusanyika, kiganja kikayafunika. Kwa 3.4 yakatawanyika tena. Basi bunduki yako imekwisha sema: kipimo ni 3.1. Acha hapo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kikijaa, kinachozidi humwagika.

Utauliza, je, baruti nyingi haifikishi risasi mbali zaidi? Kidogo sana. Risasi ya mviringo hukata hewa vibaya, na mwendo wake hupungua upesi hata ukiitoa kwa nguvu. Baruti ya ziada huenda ikatoka nje kabla ya kuungua, bega likaumia na shabaha ikaharibika. Kwa mtutu laini, hatua 50 ni mbali ya kutosha. Zaidi ya hapo unajeruhi mnyama akafie porini, au akurudie.

Katika majaribio hayo usibadili mambo mawili kwa pamoja. Kitambaa kiwe kile kile, mafuta yale yale, kushindilia kule kule. Futa mtutu kwa kitambaa chenye unyevu kila baada ya risasi, kisha kikavu, maana masizi hubana risasi ya pili isifike chini.

Hapo pana hatari kubwa. Risasi lazima ikae juu ya baruti bila nafasi. Ikisimama katikati ya njia, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Ili ujue, tia mdeki ndani ya mtutu mtupu, uuchore alama mdomoni. Kisha jaza kwa kipimo chako, uuchore alama ya pili. Alama hizo mbili zitakuambia kila siku kama gobore ni tupu, limejaa, au limejazwa mara mbili kwa kusahau. Unaposhindilia, uso na kifua visiwe juu ya mdomo wa mtutu.

Jiwe na moto

Gumegume liwe na makali, lifungwe kwa kipande cha ngozi lisicheze. Kitundu cha moto kiwe wazi. Baruti ya kisahani iwe laini na kidogo, na itiwe mwisho kabisa, baada ya kushindilia. Ukivuta, moto wa kisahani hutangulia na mlipuko hufuata, kwa hiyo usitikisike. Linda macho, na asikae mtu upande wa kitundu, maana moto hutokea hapo.

Likikataa kulia, usiligeuze kulichungulia. Lielekeze mbele kwenye ukingo, hesabu dakika moja nzima, ndipo utoe baruti ya kisahani na kusafisha kitundu. Mara nyingine moto unachelewa njiani.

Mwenzangu wa Litembo na Maguu, ukungu wenu unalowesha baruti. Mwenzangu wa ziwani, na wewe una unyevu wa mawimbi. Tunzeni baruti katika chombo kikavu, mbali na jiko na mbali na watoto. Jioni osha mtutu kwa maji ya moto na sabuni, kausha, paka mafuta. Masizi ya baruti huvuta maji hewani, na kutu hula mtutu kwa ndani usikoona.

Ukiyeyusha risasi, fanya nje penye upepo, katika chungu ambacho hakitapikiwa tena. Risasi ni sumu, na sumu hiyo huwaumiza watoto zaidi. Tone moja la maji likiangukia risasi iliyoyeyuka, huirusha usoni.

Nyuma ya nguruwe kuna nini?

Hili ni la mwisho, nalo ni kubwa kuliko yote. Huko milimani shamba lako liko upande huu wa bonde na nyumba ya jirani iko upande ule. Risasi iliyokosa huvuka bonde. Usimpige mnyama aliyesimama kwenye mgongo wa kilima, nyuma yake mbingu tupu. Mpige aliye na udongo nyuma yake. Huko ziwani usipige kuelekea majini, kwa maana risasi ya mviringo huruka juu ya maji kama kijiwe cha watoto, na huko kuna mitumbwi ya wavuvi na watu wanaooga. Na usiku si wakati wa gobore. Kinachochakarisha muhogo gizani huenda ni nguruwe, huenda ni mtoto wa jirani anayetafuta mbuzi aliyepotea.

Kwa sababu hiyo, ulinzi wa usiku ni wa watu pamoja: zamu za majirani, moto, madebe, tochi, na kufyeka vichaka vya kando ya shamba ambako nguruwe hulala. Mashamba yakipandwa pamoja na kwa wakati mmoja, zamu huwa nyepesi. Gobore ni la mwisho, kwa mwenye kibali, mchana kweupe, akiona vema anachopiga na kilicho nyuma yake.

Ndugu mkulima, nguruwe akila debe moja la mahindi, msimu ujao utalima tena. Jicho na kidole havipandwi vikaota. Kwa hiyo pima kwanza, uandike, na ukishapata kipimo chako usikipite.

Kwa leo tuishie hapa. Kazi njema, na mavuno mema.