Wanyama wa kupanda na wa mizigo katika njia ya misafara ya Tabora

Wanyama wa kupanda na wa mizigo katika njia ya misafara ya Tabora walikuwa farasi, punda na wanyama wengine waliojaribiwa katika karne ya 19 kubeba watu na bidhaa kati ya pwani ya Bahari Hindi na Unyanyembe, yaani eneo la Tabora ya leo, magharibi mwa Tanzania. Njia hiyo ilianzia Bagamoyo au bandari za jirani, ikapita Mpwapwa, Ugogo na pori la Mgunda Mkali hadi Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Kutoka pwani hadi Tabora msafara ulichukua takribani miezi mitatu.

Mara nyingi husemwa kwamba misafara ilitegemea wapagazi kwa sababu wanyama wa kazi hawakujulikana barani. Sivyo. Waarabu waliokaa Tabora asili yao ilikuwa nchi ya farasi na ngamia, na Wanyamwezi wenyewe walikuwa na punda. Swali lilikuwa mnyama yupi anafaa kazi ipi, tena katika nchi ipi. Jibu lake ndilo lililoamua pembe za ndovu zibebwe na nani.

Aina mbili za punda

Pwani watu walitofautisha punda wa Maskati na punda wa bara. Punda wa Maskati waliletwa kwa majahazi kutoka Omani. Walikuwa wakubwa, mara nyingi weupe, na walithaminiwa Unguja na Lamu kama wanyama wa kupanda, kwa sababu walifundishwa kwenda mwendo wa haraka lakini laini, usiomrusha mpandaji. Punda wa bara ni mdogo, wa rangi ya kijivu, mwenye mstari mweusi mgongoni unaokatwa na mwingine mabegani. Anavumilia kiu na majani makavu, naye alifugwa kwa ajili ya mizigo.

Richard Burton na John Speke walipoondoka Kaole mwezi wa Juni 1857 walikuwa na punda wapatao 30 wa aina zote mbili. Walifika Kaze, kama Tabora ilivyoitwa wakati ule, tarehe 7 Novemba. Katika kitabu chake Burton analalamika sana juu ya punda hao: wanajikwaa, wanashtuka, wanakimbia, wanaangusha mizigo. Malalamiko hayo yasomwe kwa uangalifu. Wanyama walinunuliwa kwa haraka, na punda wa shogi asiyewahi kufundishwa kubeba mtu hawezi kulaumiwa kwa kukosa adabu ya farasi. Shogi lisilokaa vizuri huchubua mgongo, na mgongo wenye kidonda hugeuza mnyama mpole kuwa mkaidi.

Jambo hili si la punda peke yao. Katika mchezo wa dresaji, ambamo farasi hupimwa kwa utulivu na usahihi wa mwendo wake, huulizwa kama farasi waliozalishwa kwa kuchungia ng'ombe, kama vile Quarter Horse wa Marekani au Stock Horse wa Australia, wanaweza kushindana. Wanaweza, hasa katika ngazi za chini na za kati, kwa sababu ni wasikivu na hugeuka upesi. Ugumu huja juu zaidi: mchezo unadai mnyama ahamishie uzito miguu ya nyuma na kuinua kifua, na wengi wa farasi hao, hasa Quarter Horse, wana matako yaliyo juu na shingo inayokaa chini. Kwa hiyo kufaa kunategemea umbo na mafunzo. Katika njia ya Tabora liliongezeka jambo la tatu, nchi yenyewe, nalo lilikuwa na nguvu kuliko yote mawili.

Farasi

Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 alikuwa na farasi wawili, mmoja wao wa Kiarabu, zawadi ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Wote wawili walikufa Kingaru, siku chache tu kutoka pwani. Stanley alimpasua mmoja wao akakuta minyoo tumboni. Mkuu wa Kingaru akamdai nguo kama fidia kwa kuzika mzoga katika ardhi yake bila ruhusa. Stanley akajibu kwamba basi atamfukua na kumwacha juu ya ardhi kama alivyokuwa, na dai likaisha hapo. Punda wake 27 hawakuwa na bahati zaidi, kwani wengi walikufa kabla ya kufika Unyanyembe.

Waarabu wa Tabora walifaulu kuotesha mitende mbali na bahari (jina la kata ya Mtendeni mjini Tabora lina maana ya "penye mtende"), lakini farasi hawakuota mizizi.

Mbung'o na usubi

Maadui wakubwa walikuwa wawili. Wa kwanza ni mbung'o, anayeambukiza vimelea vya Trypanosoma vinavyosababisha nagana. David Bruce alithibitisha uhusiano huo huko Zululand katika miaka ya 1890, yaani baada ya misafara mingi kupoteza wanyama wake. Farasi hufa upesi kwa nagana. Punda huhimili zaidi, ingawa naye hukonda na kufa akifanyishwa kazi nzito.

Wa pili ni maradhi ya farasi ya Afrika, yanayosababishwa na virusi vinavyoenezwa na usubi, hasa majira ya mvua. Mapafu hujaa maji, povu hutoka puani, na farasi walio wengi hufa katika siku chache. Nyumbu (mtoto wa punda na farasi, si yule wa porini) huhimili kiasi, na punda huugua kwa nadra.

Mbung'o hakuwa kila mahali. Anapenda kivuli cha miombo na vichaka. Kandokando ya Tabora, palipokuwa na mashamba na malisho wazi, ng'ombe walistawi. Hatari ilikuwa katika mapori yaliyotenganisha nchi moja iliyolimwa na nyingine, na msafara haukuweza kuyakwepa.

Majaribio mengine

Mwaka 1866 David Livingstone alipita kusini, kando ya Mto Ruvuma, akiwa na ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu na punda, akitaka kuona kama watamhimili mbung'o. Wanyama hao walipigwa na kuzidishiwa mizigo na watunzaji wao, hivyo jaribio halikuthibitisha lolote. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walijaribu magari ya ng'ombe kutoka Saadani, ng'ombe wakafa. Mwaka 1879 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aligharimia tembo wanne wa Kihindi walioshushwa Msasani. Wengi wao walikufa njiani, na mpango ukaachwa.

Matokeo

Mzigo ukabaki begani mwa binadamu. Punda mzima alibeba kiasi cha mizigo miwili ya wapagazi, lakini mpagazi Mnyamwezi aliyechukua frasila mbili, karibu kilo 32, alivuka pori la mbung'o na kurudi tena mwaka uliofuata. Hata mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wapanda farasi kutoka Afrika Kusini waliofika Kondoa Irangi walipoteza farasi wao kwa wingi, na Waingereza wakageukia wapagazi, ambao kikosi chao kimeacha jina la Kariakoo. Kwa upande wa Tabora, reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika mwaka 1912.

Leo punda wa bara bado hubeba maji, kuni na mazao katika mikoa ya Tabora na Shinyanga. Mwaka 2024 Umoja wa Afrika ulikubali kuzuia biashara ya ngozi zao. Kwa kuvuta mkokoteni, kinachomfaa ni mkanda mpana wa kifua, uliofungwa chini ya koo usimzibe pumzi. Nira ya ng'ombe haimfai, kwa kuwa punda hana nundu ya kuishikilia.